Makopo Saba ya Mjomba

Mkaza mjomba alinipigia simu mwezi wa sita, upepo wa kusi umechachamaa na mashua za uvuvi wa kitalii pale Watamu zimeshapandishwa juu kungojea msimu. Mtu wa skrepu alikuwa amepita nyumbani kwake mara mbili, anaulizia vyuma vya marehemu. "Mwanangu, njoo uvichukue," akaniambia. "Mimi sivijui ni vya nini. Ninachojua ni kwamba mjomba wako alikuwa hataki hata mtoto avichezee."

Niliondoka siku hiyohiyo. Chini ya kitanda cha kamba nilikuta makopo saba, matano ya mafuta ya Kimbo na mawili ya rangi, yote yamejaa pomoni. Nilimwaga moja juu ya mkeka. Zikamwagika gia, springi, skrubu, washa (vile vipete bapa), mikono ya kuzungushia, nusu ya rili ya kuvulia iliyopasuka, na vumbi la kijani la shaba iliyoliwa na chumvi. Mtu wa skrepu angevitia vyote kwenye mzani mmoja, shaba chafu, basi.

Mjomba alianza kazi kama baharia wa mashua za wageni, akaishia kuwa fundi wa rili. Zilipoharibika, manahodha wa Watamu na Malindi walimletea yeye. Mimi nilikuwa mtoto wa kumshikia taa. Nikiwa darasa la tano nilijua kutofautisha gia kubwa na pinioni, ile gia ndogo mwenzake, lakini sikujua, na sikuwahi kuuliza, alijuaje kwamba pinioni hii ni ya rili ile na si ya nyingine. Aliingiza mkono koponi, akapapasa, akatoa. Akijaribu, inaingia. Nilidhani ni bahati.

Kwa ambaye amezoea mshipi wa mkono peke yake, nieleze kidogo. Rili ni kigurudumu cha kukunjia mshipi kilichofungwa kwenye fimbo. Ukizungusha mkono, gia kubwa inasukuma pinioni, na pinioni inazungusha kigurudumu. Hapo hakuna kigeni. Ujuzi wote uko kwenye breki. Samaki mkubwa, sulisuli kwa mfano, akikata mbio huwezi kumzuia papo hapo, mshipi utakatika. Inabidi kigurudumu kiteleze na kutoa mshipi huku kikimchosha, na wakati huohuo mkono wa kuzungushia usirudi nyuma. Zamani ulikuwa unarudi, tena kwa kasi, na wavuvi walivunjwa vidole. William Boschen alibuni breki ya ndani, fundi Julius vom Hofe akaitengeneza, na mwaka 1913 Boschen akavua kwa rili hiyo samaki-upanga wa ratili 355, karibu kilo 161, karibu na kisiwa cha Catalina, California. Ile nyota ya chuma unayoikaza kwa vidole pembeni ya rili ilitokana na kazi ya watu hao wawili. Kwenye makopo ya mjomba nilihesabu nyota kumi na tisa.

Karibu vyote vilikuwa vya rili za Penn. Otto Henze, mhamiaji kutoka Ujerumani, aliianzisha kampuni hiyo mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, na mwaka 1936 ikatoa rili ya bahari kuu iitwayo Senator. Umbo la Senator lilibadilika kidogo sana kwa miongo mingi, na kwa fundi wa pwani, mbali na kiwanda, hiyo ilikuwa neema. Rili iliyokufa ilikuwa ghala la vipuri kwa rili iliyo hai. Mgeni aliyeiacha yake imeganda kwa chumvi aliona ametupa takataka. Mjomba aliona gia, nyota, mkono, springi mbili na skrubu zisizopungua kumi.

Nilianza kupanga kwa pupa, na nikaharibu. Nilichovya konzi nzima ya vipande kwenye siki usiku kucha ili vitakate. Asubuhi vya shaba ya njano vilikuwa vimegeuka rangi ya waridi, na kwenye vitatu vile vilivyopakwa kromu, kromu ilikuwa imeinuka kama ganda la yai. Siki inakula zinki iliyo ndani ya shaba ya njano, ndiyo maana uwaridi ule unabaki. Ukiuona kwenye kipuri cha zamani, ujue kimedhoofika. Niliumia, kwa sababu kimoja kilikuwa nyota nzima ya rili kubwa. Tangu siku hiyo naosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, nakausha kwenye kanga juani, na kamwe situmii brashi ya waya. Brashi ya waya inafuta alama, na bila alama hakuna cha kukusaidia kukitambua.

Baada ya kuosha nilichukua sumaku ya spika iliyokufa. Vinavyoshikwa ni vya chuma: springi za zamani, vijino vya kuzuia mkono usirudi nyuma, skrubu zilizobadilishwa na watu wasiojali. Visivyoshikwa ni shaba, aluminiamu, au stenlesi, maana stenlesi nyingi hazivutwi na sumaku. Hapo tayari lundo moja limekuwa mawili, na macho yanaanza kupumua. Kisha trei za mayai. Sijaona chombo kinachoishinda trei ya mayai kwa kazi hii: mashimo thelathini, haipinduki upesi, na unaweza kuandika pembeni ya kila shimo kwa kalamu ya wino. Kwa makopo saba nilijaza trei kumi na moja.

Penn wana utaratibu wa namba ambao ukiuelewa unakupunguzia nusu ya kichwa kuuma. Namba ya kwanza inataja aina ya kipuri, ya pili inataja rili kilikoanzia. 5 ni gia kubwa, 6 ni washa ya breki, 10 ni nyota, 13 ni pinioni, 24 ni mkono, 29 ni kigurudumu cha mshipi. Na 113 ni Senator ya ukubwa wa 4/0, 114 ni ya 6/0, 115 ni ya 9/0, 116 ni ya 12/0. Kwa hiyo 13-113 ni pinioni ya Senator ya 4/0. Kipuri kimoja kinaweza kutumika kwenye rili nyingi na bado kikabaki na jina la ile ya kwanza, kama mtu anayeitwa kwa mji aliozaliwa hata baada ya kuhama. Taabu ni kwamba namba hizo zilikuwa kwenye vifuko vya plastiki, na mjomba vifuko alivitupa. Vipuri vyenyewe havina maandishi. Unabaki na umbo, uzito na meno.

Basi nikahesabu meno. Ni kazi ya subira. Unatia alama ya kalamu kwenye jino moja, unaanza hapo, unageuza gia kwa ukucha, na mtu akikusalimu katikati unaanza upya. Lakini idadi ya meno peke yake haitoshi. Kuna Senator za kawaida na kuna zenye herufi H mwishoni, zenye mwendo wa kasi zaidi, kama 113H ambayo ubavu wake wengi tunaujua kwa wekundu wake wa kukolea. Gia kubwa na pinioni zinakwenda kwa jozi. Ukichanganya ya H na isiyo ya H, meno ama hayafikiani ama yanabanana.

Hili nalijua kwa machungu. Miaka kadhaa nyuma, mjomba akiwa amelazwa, nahodha mmoja aliniletea rili usiku na safari ilikuwa alfajiri. Nikapapasa koponi kama nilivyomwona mjomba akifanya, nikatoa pinioni, ikaingia. Nikazungusha, ikazunguka, na nikaridhika. Kumbe meno yalikuwa yameshikana kwa ncha tu. Siku ya pili walimpata jodari mkubwa, na katikati ya vuta nikuvute gia ikaanza kuruka meno, kisha kigurudumu kikawa kinazunguka bure. Mgeni alipoteza samaki, na nahodha alipoteza mgeni. Hakunigombeza. Aliniwekea ile gia mezani, nikaiona: ncha za meno zimechongeka kama meno ya papa. Gia iliyofanya kazi na mwenzake wa haki inalika polepole, pande zote sawa, na meno yanabaki na mabega. Iliyolazimishwa inachongoka. Siku hizi nikishika gia, kabla ya kuhesabu meno, naiangalia kwanza ilivyolika, maana hapo ndipo panapoonyesha iliishi na nani.

Washa za breki zilinipa raha zaidi ya vyote. Ndani ya gia kubwa kuna kitako, na washa zinapangwa humo kwa zamu, laini na chuma, laini na chuma. Za chuma ni za aina mbili, na ukizichanganya breki haifanyi kazi. Moja tundu lake la katikati limenyooshwa pande mbili, ili ishike shafti na kuzunguka pamoja nayo. Nyingine ina masikio mawili nje, yanayoingia kwenye mifereji ya gia. Hivyo moja inakwenda na mkono wako na nyingine inakwenda na samaki, na ile laini iliyo katikati yao ndiyo inayosuguana. Nilikaa jioni nzima nikipanga: yenye masikio huku, yenye tundu la kunyooka kule, napima upana kwa kalipa. Pale nilipopata seti kamili, nikaipanga ndani ya gia na kuikaza kwa nyota, nikahisi ule mteleze laini usiogugumia, nilimwita mke wangu aje aushike naye.

Washa laini za zamani zilikuwa za ngozi au nyuzinyuzi zilizoshindiliwa. Ngozi ikikauka inakuwa ngumu kama ukoko, na breki inashika kwa vishindo. Siku hizi kuna za nyuzi za kaboni, Penn wanaziita HT-100, na kwa rili itakayorudi baharini naweka hizo bila kusita. Wako wanaotaka kila kitu kibaki cha asili. Nawaheshimu, lakini rili ya mjomba haikutengenezwa kukaa kabatini.

Skrubu ndizo zilizonichosha. Mjomba alizitia zote kwenye kopo moja la rangi, mamia. Hapo kuna mtego ambao kila fundi wa vitu vya zamani anapaswa kuujua. Skrubu ya Kimarekani ya namba 10 yenye thredi, ile mikunjo yake, 32 kwa inchi ina unene wa milimita 4.83. Ya kawaida ya milimita 5 ina thredi iliyoachana kwa milimita 0.8, na ile ya Kimarekani imeachana kwa 0.79. Kuna na ya Kiingereza ya zamani, BA namba 2, unene milimita 4.7, thredi 0.81. Ziweke tatu hizo mkekani na jicho haliwezi kuzitenganisha. Ya milimita 5 ukiitia kwenye tundu la Kimarekani inaingia mizunguko miwili, inabana, na ukiilazimisha unaua tundu. Ya Kimarekani kwenye tundu la milimita 5 inaingia kwa ulaini unaokudanganya, inakaa, mpaka siku ya mshtuko inang'oka. Nusu ya rili nilizowahi kuona zimekufa ubavuni ziliuliwa na skrubu ya namna hiyo. Nilichofanya ni kutafuta nati tatu ninazozijua kwa hakika, nikazifunga kwenye waya, na kila skrubu ikapita kwa nati hizo kwa vidole tu, bila bisibisi. Ilinichukua wiki mbili za jioni.

Ubavu wa rili hizi za zamani ni wa bakelaiti, mojawapo ya plastiki ngumu za mwanzo. Kipande ukitia shaka, kitie kwenye maji ya moto kisha ukinuse. Bakelaiti inatoa harufu kali kama dawa ya kusafishia wodi. Haipendi kuangushwa, na vigurudumu vya bakelaiti haviupendi mshipi wa nailoni. Nailoni ikikunjwa huku imevutwa inataka kurudi ilivyokuwa, tabaka juu ya tabaka, na msukumo wote unakwenda kwenye kingo mpaka zinapasuka. Mjomba alikuwa na vigurudumu sita vilivyopasuka hivyo, vyote mahali pamoja. Kwa nini avitunze? Nilijua nilipokuta kimoja kimekatwa duara kwa msumeno mwembamba. Alikuwa akichonga washa za kujazia nafasi.

Kulikuwa pia na vya kampuni nyingine, vichache. Vipande vya Mitchell kutoka Cluses, Ufaransa, na mguu mmoja wa ABU ya Sweden. Cluses ni mji wa mafundi wa saa, na jina ABU lenyewe linatokana na AB Urfabriken, kiwanda cha saa kilichoanzishwa Svängsta mwaka 1921. Ukishika springi zao unaelewa, zimetengenezwa na watu waliozoea kufanya kazi kwa lenzi jichoni. Nilizifungia kwenye kichupa peke yao, maana hapa kwetu sina rili ya kuzitia.

Sasa kopo la saba. Hili lilikuwa la Kimbo, dogo kuliko mengine, na ndani yake vipande vimefungwa kimoja kimoja kwenye karatasi za gazeti. Nikajua hivi ni vya thamani. Nikafungua cha kwanza, nikakuta kijino cha kuzuia kurudi nyuma, kile kinachoingia kwenye meno ili mkono usikurudie. Nikakipima. Hakikulingana na cha 113, wala 114, wala 115. Nikachukua michoro yote niliyonayo kwenye simu, nikalinganisha, hakimo. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile. Siku mbili nilihangaika nikidhani ni vya kampuni nisiyoijua.

Nikakitia chini ya lenzi. Ukingoni kulikuwa na mikwaruzo ya tupa, mistari mifupi yote imelala upande mmoja, kama anavyokata mtu wa mkono wa kushoto. Mjomba alikuwa wa shoto. Na upande wa chini kulikuwa na nukta tatu ndogo, zimegongwa kwa msumari, zimepangana kama mafiga. Cha pili kilikuwa na nukta mbili. Kingine tano.

Alivitengeneza mwenyewe, kutoka kipande cha stenlesi, pengine cha mashua. Lakini kwa nini havilingani na vipimo vya kiwanda? Nililala na swali hilo. Asubuhi nikachukua rili kongwe iliyokuwa kwangu kwa matengenezo, ya 9/0, ya nahodha aliyemjua mjomba tangu ujana, nikaifungua mpaka ubavu ukabaki mtupu. Nikaupangusa grisi ya miaka. Ndani kabisa, mahali ambapo mwenye rili hafiki, palikuwa na nukta tatu zimepangana kama mafiga.

Nikaangalia gurudumu la meno ambalo kijino kinashika. Lilikuwa limelika, na si kidogo. Kijino kipya cha kiwandani kingelifikia kwa ncha tu, kama ile pinioni yangu. Mjomba alikuwa amepima ulaji wa rili hii moja, akachonga kijino kirefu kidogo kuliko cha kiwanda, kinachofaa hapa na si kwingine popote. Kisha akachonga na cha akiba, akakigonga nukta zake, akakifunga gazetini. Kumbe ule mkono uliokuwa ukiingia koponi na kutoka na kitu cha haki haukuwa ukibahatisha. Aliijua kila rili kwa ugonjwa wake.

Nilikitoa kijino cha zamani, kilichokuwa kimechoka, nikatia hiki. Tone la mafuta, springi, skrubu za namba 10 za Kimarekani, zote zilizopita kwenye nati. Nilipozungusha ilialika, tak, tak, tak, kila jino na nafasi yake. Nilimpelekea nahodha jioni, nikamwamkia, nikamwonyesha zile nukta kwenye picha ya simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia rili ile aliifungua kwa mara ya kwanza yeye na mjomba wakiwa vijana, kwenye sakafu ya mashua, na hakuwahi kujua kwamba ina alama.

Vijino vya gazetini ni tisa. Cha nukta tatu nimeshakipatia mwenyewe, na cha nukta tano nadhani najua ni cha mashua gani iliyoko Malindi. Mwezi wa nane mashua zitaanza kushushwa, na nimewaomba manahodha wote wanaokuja kwangu waniruhusu nifungue rili zao hata kama hazina tatizo, bila malipo, nipanguse grisi na kutazama ndani ya ubavu. Cha nukta nne kimechongwa kwa ulaji mkubwa kuliko vyote, kirefu karibu milimita moja zaidi ya cha kiwanda. Rili yake, popote ilipo, iko hatarini kuuachia mkono wakati wowote. Natafuta hiyo kwanza.